Refa wa Kuazimwa

Nimechoka kuisimulia safari hii vipande vipande. Barazani mnataka penalti, msikitini mnataka habari za masista, na walimu wenzangu wanataka tu kujua kama ni kweli wanaume wazima wawili walinilalia juu ndani ya mtaro. Ni kweli. Sasa nimekaa nikaandika yote, na atakayeniuliza tena nitampa karatasi asome mwenyewe.

Mwanzo wake baadhi yenu mnaujua. Kule Bujumbura, Radi wa Ngagara walikuwa mabingwa wa ligi, na Nyundo wa Zone Industrielle walikuwa wamechukua kombe. Ilibidi wakutane mechi moja kumaliza ubishi. Tatizo likawa refa. Kila refa wa mjini aliyetajwa alikataliwa. Huyu shemeji yake anaishi Ngagara, yule aliwahi kufanya kazi ghalani Zone Industrielle, na wa tatu, naapa ndivyo nilivyoambiwa, alionekana akitabasamu siku Radi walipofunga bao. Mwishowe wakakubaliana kuazima refa ng'ambo ya mpaka, mtu asiyemjua mtu. Chama chetu cha Kigoma kikanitoa mimi, Rajabu, mwalimu wa Ujiji, kama mnavyotoa sufuria kwa jirani mwenye shughuli.

Ila mimi nilikuwa na mtu Bujumbura. Dada yangu Zuhura, aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, ameolewa Buyenzi tangu kabla ya vita. Mama yetu alipofariki, Zuhura alizipata habari sokoni, kwa muuza dagaa, wiki nyingi baada ya maziko. Akanirudishia neno kwa muuza dagaa yule yule: "Mwambieni Rajabu asiniite dada tena." Jibu nilikuwa nalo, lakini halikuwa jibu la kumpa muuza dagaa. Kwa hiyo nilipoitwa kuchezesha sikuuliza lolote. Nilitaka nikae mkeka mmoja na dada yangu nimwambie uso kwa uso, na sikuwa na njia nyingine ya kufika kwake.

Kibirizi hadi Nyanza-Lac

Boti ilikuwa iondoke alfajiri. Mnaijua alfajiri ya Kibirizi. Tuliondoka jua likiwa utosini, kwa sababu nahodha alikuwa anamsubiri mtu wa vitunguu, na mtu wa vitunguu alikuwa anamsubiri mkewe, na mkewe alikuwa amenuna. Nilikaa juu ya magunia, filimbi mfukoni, nguo za urefa zimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Mama mmoja mwenye kuku aliniuliza naenda kutafuta nini Burundi wakati watu wote wanatoka huko. Nikamwambia naenda kuchezesha mpira. Akamgeukia mwenzake, akasema kwa Kiha kwamba wagonjwa wako wa aina nyingi. Alidhani sielewi. Nilielewa, na wala sikuona pa kumbishia.

Injini ilizimika mbele ya milima ya Gombe, ikawashwa, ikazimika tena. Nyani wakatoka msituni wakakaa ufukweni kututazama. Hata wao walichoka, wakarudi zao.

Tulifika Nyanza-Lac jioni. Mchangani walisimama wanaume wawili, mmoja huku, mwingine kule, kila mmoja na kipande cha boksi chenye jina langu. Wa kwanza alikuwa Nestor, karani wa serikali, tai shingoni, ametumwa na Radi. Wa pili alikuwa Yusufu, mpakuaji wa mizigo ghalani, mikono kama mihimili, ametumwa na Nyundo. Kila klabu ilikuwa imemtuma mtu wake kuhakikisha klabu nyingine hainiongi. Wote wawili wakaukimbilia mfuko wangu. Bahati nzuri mfuko wa nailoni una masikio mawili, basi kila mtu akashika lake tukaondoka hivyo.

Sahani mbili

Tuliingia mahali pa kula. Nestor akaniagizia mukeke wa kukaanga na ugali wa muhogo. Yusufu akaagiza vile vile, ila akataka samaki mkubwa zaidi. Nikajisemea moyoni, Rajabu, leo utakula.

Sasa, kule kuna adabu moja ambayo lazima niwaeleze. Anayekupa chakula au kinywaji huonja kwanza mbele yako, ujue hakina sumu. Ni adabu nzuri, na kama mwenyeji ni mmoja, haina madhara yoyote.

"Kula, Mwalimu. Mi nimeonja," akasema Nestor.

"Umeonja pembeni," akasema Yusufu. "Na katikati je? Mutu akitaka kuweka sumu, si anaweka katikati?"

"Basi onja we mwenyewe!"

Yusufu akaonja katikati. Nestor akaona kama hivyo ndivyo, naye ataonja samaki wa Yusufu, tumboni na mkiani. Yusufu akasema haiwezekani refa akapewa ugali ambao haujaguswa na upande wa pili. Nilipomaliza kunawa mikono nilikuta vichwa viwili vya samaki vimenikodolea macho. Soda nazo zilikuja mbili, na mbili hizo zilipokelewa hivyo hivyo. Mimi nilifikiwa na povu.

Nikanyoosha mkono nijinunulie ndizi za kukaanga kwa mama wa mlangoni. Wote wawili wakanuna.

"Mwalimu," akasema Nestor, ameshika kifua, "mugeni akijinunulia chakula, watu watasema sisi ni warozi, watu wa sumu."

Hilo walikubaliana. Ni jambo la kwanza nililowaona wakikubaliana, na lilininyima ndizi.

Barabara ya ziwani

Siku zile za vita magari hayaendi peke yake kwenye barabara ile. Yanakusanywa, yanangoja wanajeshi, halafu yanakwenda kwa msafara. Tulilala Nyanza-Lac, asubuhi tukapanda gari la abiria. Tulingoja Rumonge. Tukangoja. Kizuizini palikuwa na mti umewekwa juu ya mapipa, na koplo mmoja mwenye bunduki akaja dirishani kwetu.

"We, kazi yako nini?"

"Refa."

"Refa ya mupira?" Akageuka, akapiga kelele kwa wenzake. "Ee! Refa iko hapa! Refa ya kweli!"

Nikateremshwa. Nilidhani nimekwisha, kumbe kikosi kizima kilikuwa na ugomvi. Jumapili walikuwa wamecheza, mpira ukampiga refa mgongoni ukaingia golini. Nusu walisema bao, nusu walisema apana. Tangu siku hiyo nusu moja ilikuwa haili na nusu nyingine. Wakanizunguka, bunduki mabegani, wakanitazama kama watoto wa darasa la nne wanaongoja matokeo.

Nikawaambia ukweli. Refa ni kama sehemu ya uwanja, kwa hiyo ni bao. Upande mmoja ukashangilia ukaniinua juu. Upande wa pili ukaenda kukaa chini ya ukuta, na bahati mbaya ndio waliokuwa na zamu ya kuinua ule mti. Malori yalipiga honi mpaka betri zikaanza kuchoka. Ikabidi Nestor na Yusufu waende kuwabembeleza, mmoja kwa Kifaransa, mwingine kwa sigara.

Mbele ya Rumonge ndipo milio ya risasi iliposikika kutoka milimani. Dereva alisimama hapo hapo, sote tukarukia mtaroni. Kabla sijajikunja vizuri, uzito ukaniangukia, halafu ukaniangukia mwingine.

"Toka, Yusufu! Mi ndo nilianza kumufunika!"

"Wewe umefunika miguu. Refa si miguu, refa ni kichwa!"

"Palipo filimbi ndo penye refa, na filimbi iko mufukoni!"

Mnaweza kucheka. Hata mimi sasa nacheka. Lakini pale chini, uso wangu ukiwa kwenye tope, niliogopa kama sijawahi kuogopa, nikamkumbuka mama. Wale wawili walikuwa wanatetemeka juu yangu, na hakuna aliyeondoka mpaka milio ilipokoma. Tukapanda gari, tukaingia mjini taa zikianza kuwashwa.

Lango la masista

Walinilaza Gihosha, huko juu mlimani, kwenye nyumba ya wageni ya masista. Klabu zote mbili ziliona masista hawana timu. Mimi Mwislamu wa Ujiji nikalala chini ya msalaba, Nestor kitanda cha kulia, Yusufu cha kushoto. Kesho yake sista mkubwa aliniletea bakuli la maharage. Yusufu akanyoosha kijiko. Sista akamtazama tu. Yusufu akakirudisha kijiko, na mimi nikala maharage yale peke yangu, hadi tone la mwisho.

Jioni ya siku hiyo, mkesha wa mechi, mlinzi alisema kuna mama langoni. Nilimjua kwa namna alivyosimama kabla sijauona uso.

"Da Zuhura, shikamoo."

Hakuitikia. "Nimekuja kuona kama huo uso ungali nao."

"Ee, Mama Halima!" Yusufu akafurahi. "Karibu, karibu!"

Nestor akaruka kati yetu. "Apana! Huyu si bibi ya Idi? Idi, prezida wa mashabiki ya Nyundo?"

"Ni dada yangu," nikasema. "Tumbo moja."

Nestor alikaa chini kwenye ngazi za masista. Mtu asiyemjua mtu, aliyeazimwa kwa taabu yote ile, kumbe mkuu wa mashabiki wa Nyundo ni shemeji yake. Kama angelisema, mechi ingekufa, na yeye angeulizwa kwa nini hakujua. Alifikiri sana, akalegeza tai.

"Mi sikusikia kitu," akasema. "Lakini muongee mbele ya mimi na Yusufu. La sivyo, musiongee kabisa mupaka mechi iishe."

Zuhura alinitazama juu ya kichwa cha Nestor. "Habari za mama siwezi kuzisema mbele ya watu wa mpira. Kesho filimbi ya mwisho ikilia, nyumba unaijua. Kuvrefe ikifika hujaja, basi, rudi kwenu, na mimi nitajua sina ndugu."

Kuvrefe ni ile amri ya kutotembea usiku. Ikishapigwa, anayeonekana njiani ana neno na wanajeshi. Kwa hiyo nilipewa muda kati ya filimbi ya mwisho na giza.

Uwanjani

Washika vibendera nao walikuwa wamechaguliwa kwa haki, yaani mmoja wa Radi na mmoja wa Nyundo. Wa Radi aliinua kibendera kila Nyundo walipovuka katikati ya uwanja. Wa Nyundo hakuinua kabisa, hata mpira ulipotoka ukaenda kugonga gari la mchanga nje. Nilikimbia peke yangu kama mwizi anayefukuzwa, huku na huku.

Radi wakafunga. Nyundo wakarudisha. Jua likaanza kushuka, nami nikawa naliangalia kuliko saa. Sare nayo ingenifaa sana, maana sare haimuudhi mtu sana, na ningetoka pale kwa amani niende zangu Buyenzi.

Dakika za mwisho, krosi ya Radi ikaingia, na beki wa kushoto wa Nyundo akaupiga mpira kwa mkono. Si kwamba ulimgusa. Aliupiga, kama mtu anayefukuza nzi mezani. Kibendera cha Radi kilikuwa juu tayari, lakini kilikuwa juu tangu mchana. Mwenzake alikuwa anatazama mawingu. Niliyeona na kupaswa kusema ni mimi.

Sitawadanganya. Filimbi ilikuwa mdomoni na sikuweza kupuliza. Nilijua mlango wa dada yangu unafungwa pale pale. Halafu nikajiuliza, nitakaaje mkeka mmoja naye nimwambie ukweli wa mama, wakati nimetoka kuficha ukweli ambao watu wote wameuona? Nikapuliza.

Sauti moja ikatoka upande wa Nyundo, sauti ya Idi, amepanda uzio:

"Shemejiii! Mi unanifanyia hivyo?"

Uwanja mzima ulisikia. Mashabiki wa Radi walipoelewa kwamba refa amempa penalti adui wa shemeji yake mwenyewe, waliinuka wakapiga makofi hadi vumbi likatimka. Mashabiki wa Nyundo nao waliinuka, wakaanza kuvua viatu. Radi wakafunga penalti, nikapuliza ya mwisho, nikakimbia moja kwa moja nje.

Hadi Buyenzi

"Motoka iko hapa!" Nestor alikuwa anacheka meno yote. "Twende Ngagara, leo utakula mupaka ulale!"

"Naenda Buyenzi."

Akaacha kucheka. "Mwalimu, Buyenzi watakukaanga."

"Dada yangu ananingoja."

Nestor alitazama jua, akanitazama mimi. Akavua tai, akaificha mfukoni. "Mi nimekupokea mutu muzima. Sitakurudisha nusu."

Yusufu alikuwa ametangulia kwa miguu, kichwa chini. Tulipofika mtaa wa mafundi wa magari, tulimkuta amesimama pembeni. "Pita huku," akasema, bila kuniangalia usoni. "Ile njia nyingine wanakungoja na mafuta ya gari, wakumwagie." Tukapita uchochoroni, na nyuma yetu tukasikia watu wengi wanakuja.

Zuhura alikuwa mlangoni. Aliniona, akaona na kundi lililokuwa linatokea kona. Akaniuliza neno moja tu.

"Umekuja na mpira au umekuja na msiba?"

"Nimekuja na msiba, dada."

Akaingia ndani, akatandika mikeka ukumbini, akatoa kilio. Kwa watu wetu, kifo cha mbali hakikaliwi tanga mpaka mtu wa nyumbani afike akiseme kwa mdomo wake. Habari ya sokoni si habari ya msiba. Muda wote ule dada yangu alikuwa hajamlilia mama. Jirani yake, mzee wa msikiti, alisikia kilio akaja, akanikuta nimekaa, akaelewa, akaenda kusimama mlangoni.

"Refa iko wapi?" Wa kwanza alikuwa na ubao wa benchi.

"Vua viatu," akasema mzee. "Hapa kuna tanga. Mama ya Zuhura, Ujiji."

Buyenzi mtu hapandishi sauti kwenye nyumba ya msiba, hata awe amevunjiwa mguu. Yule kijana alibaki na ubao wake, hajui aupeleke wapi. Akauegemeza ukutani, akavua viatu, akaingia, akanipa mkono. "Pole sana, Mwalimu." Wa pili alikuwa na tarumbeta. Akaifunika kwa shati. Wa tatu alikuwa amejipaka rangi ya buluu uso mzima; akakaa na uso wake wa buluu, akasoma Fatiha pamoja nasi. Wakristo walikaa karibu na mlango, kofia mikononi. Kila aliyekuja kunipiga alinipa pole. Nestor, shabiki pekee wa Radi nyumba nzima, alikimbilia jikoni kwa akina mama, akakabidhiwa mwiko akoroge wali.

Idi alifika mwisho, sauti imekauka. Akasalimia, akakaa karibu yangu.

"Ilishika mukono?" akaninong'oneza.

"Ilishika."

"Ya kweli ya kweli?"

"Kwa kiganja, shemeji."

"Mungu amurehemu mama," akasema, akashusha pumzi.

Giza likaingia, kuvrefe ikatufungia wote humo. Zuhura akaniita chumba cha ndani.

"Sasa sema. Kwa nini sikuitwa?"

"Mama alikataza."

Akanikazia macho.

"Kila nilipotaka kukutumia mtu, alilia. Alisema Zuhura akisikia naumwa atakuja, na barabara ile itamchukua. Alisema afadhali umkasirikie akiwa kaburini kuliko yeye akuzike. Akaniapisha nisikutumie neno mpaka azikwe, na baada ya maziko njia ya kuja mwenyewe sikuwa nayo."

Zuhura alikaa kitandani. "Hukumwambia kwamba nitakukasirikia wewe?"

"Nilimwambia. Akasema mimi nitazoea."

Alicheka. Alicheka kama alivyokuwa akicheka zamani, kisha kicheko kikageuka, akanishika kichwa akakilaza begani kwake, tukamlilia mama sote wawili. Nje ukumbini watu wa Nyundo walituitikia kilio bila kujua tunalilia lipi.

Kurudi

Asubuhi gari la msafara lilikuja kutuchukua. Nestor na Yusufu walikuwa wameshapanda, kila mtu dirisha lake. Nilikuwa naagana na Idi nilipomwona Zuhura anatoka ndani, kanga mabegani, furushi mkononi. Nikadhani ni chakula cha njiani. Akapita mbele yangu, akapanda, akakaa katikati yao.

"Mama Halima, shuka," Idi akamwambia. "Barabara si unaijua?"

"Mama alinikataza kuja akiwa mgonjwa," akasema Zuhura. "Sasa si mgonjwa."

Idi akarudi ndani kuleta sweta lake, akampa kupitia dirishani.

Kwenye kizuizi cha kutokea mjini askari alichungulia ndani. Mimi alinijua kwa mechi ya jana, akanipita. Kwa Nestor na Yusufu hakuuliza. Akamtazama dada yangu.

"Na we mama, barabara iko hivi, unaenda wapi?"

"Naenda kwa mama," akasema Zuhura.

Askari akainua mti.